Mapipa ya Admeri Tanaka: tathmini ya simulizi ya sauti niliyoinunua karibu na bandari, Mwanza

Simulizi ya sauti inayohusu maisha ya Admeri Raizo Tanaka, ofisa wa jeshi la majini la Japani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo kwa sasa inauzwa kwenye meza kadhaa za kuingizia nyimbo na filamu hapa jijini Mwanza, inastahili shilingi 4,000 nilizoilipia, na ningelipa zaidi kwa ajili ya sehemu ya sita peke yake. Nayasema haya mapema kwa sababu katika maelezo yanayofuata nitaikosoa sana, na sipendi msomaji adhani kwamba anayeandika ni mtu aliyejutia fedha zake. Naikosoa kwa sababu imegusa jambo ninalolijua, kisha ikaliacha kabla ya kulimaliza.

Kwa wasioifahamu biashara hii, karibu na lango la Bandari ya Kaskazini, kama ilivyo katika stendi nyingi za mabasi na mialo ya kanda yetu, wapo vijana wenye meza ndogo, kompyuta moja na waya wa umeme uliovutwa kutoka duka la jirani, na kazi yao ni kumwingizia mteja anachotaka kwenye memori kadi au flashi yake. Kwa miaka 26 nilikuwa karani wa kuhesabu shehena, na tangu nistaafu macho yangu hayavumilii tena maandishi madogo, kwa hiyo simulizi za historia zinazosomwa kwa Kiswahili ndizo zimekuwa vitabu vyangu. Kijana ninayenunua kwake ananifahamu. Siku ile aliniamkia shikamoo, akaniambia kwamba amepata simulizi ya Mjapani wa meli za vita lakini wateja wengi wanairudisha, wakidai kuwa mapigano ni machache na habari za mizigo zimezidi. Nilimwambia aniwekee yote.

Simulizi ina sehemu tisa na kwa jumla inachukua takriban saa nne na nusu. Sauti ya msimulizi ni nzito na tulivu, ya mtu anayejua mahali pa kuvuta pumzi, na Kiswahili chake ni safi bila kujikweza. Majina ya Kijapani anayatamka vizuri kuliko wasimulizi wengi niliowasikia, kwa kuwa Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na mtu akitamka Tanaka, Naganami au Takanami kama anavyotamka Nyakato au Misungwi hatakosea sana. Kinachoudhi ni milio ya mizinga iliyowekwa nyuma ya sauti yake, ambayo katika sehemu ya tatu na ya nne inamfunika kabisa. Nilikuwa nikisikiliza kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, injini inanguruma upande mmoja na mizinga ya simulizi upande wa pili, na kwa dakika kadhaa sikupata neno lolote. Mwenye spika nzuri asikilize akiwa nyumbani. Aidha, katika nakala yangu sehemu ya saba ilikatika dakika ya 12, jambo nitakalolirudia.

Sehemu mbili za mwanzo zinaeleza asili yake kwa haraka, na sioni ubaya wa haraka hiyo. Tanaka alizaliwa tarehe 27 Februari 1892 katika mkoa wa Yamaguchi, magharibi mwa kisiwa kikuu cha Japani, akahitimu chuo cha maofisa wa jeshi la majini mwaka 1913, na akajikita katika fani ya torpido, yaani kombora linalokwenda chini ya maji kuitoboa meli ya adui ubavuni. Fani hiyo Wajapani waliitia juhudi kuliko taifa lingine lolote wakati ule. Torpido yao kubwa ya miaka ya 1930 ilitumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, ilikuwa na unene wa sentimita 61, ilibeba baruti ya karibu kilo 490, na iliweza kwenda kilomita 20 kwa kasi ambayo hakuna meli ya kuikimbia. Msimulizi anaieleza vizuri silaha hii, na ni lazima aieleze, kwa kuwa bila kuielewa msikilizaji hatajua ni kwa nini meli nane ndogo ziliwahi kuwaumiza vibaya wakubwa wao. Mwaka 1941 Tanaka alipewa kikosi cha pili cha destroya, meli za vita nyembamba zenye mbio, na kupandishwa kuwa admeri wa ngazi ya chini. Vita vilipoanza alisindikiza majeshi yaliyovamia Ufilipino na visiwa vilivyokuwa vikitawaliwa na Waholanzi, na tarehe 27 Februari 1942, siku aliyotimiza miaka 50, kikosi chake kilikuwa kwenye pigano la Bahari ya Java. Katika pigano la Midway mwezi Juni mwaka huohuo alipewa kusindikiza meli zilizobeba askari. Msimulizi anaipita Midway kwa sentensi mbili, anaomba radhi kana kwamba kusindikiza ni kazi ya aibu, na hapo ndipo nilipoanza kutofautiana naye.

Sehemu ya nne inatupeleka kwenye kisiwa cha Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, ambako Wamarekani walishuka tarehe 7 Agosti 1942 na kuuteka uwanja wa ndege ambao Wajapani walikuwa karibu kuumaliza. Hapa msimulizi angewasaidia sana wasikilizaji wa kwetu kama angewapa kipimo. Guadalcanal kina ukubwa wa takriban mara kumi ya Ukerewe, kina misitu minene na milima katikati, na fukwe za upande wa kaskazini ndizo zinazokubali mtu kushuka. Mwenye uwanja wa ndege ndiye aliyemiliki mchana. Meli ya Kijapani iliyokutwa na jua karibu na kisiwa ilishambuliwa kutoka angani, na Tanaka alilijua hilo mapema, kwani tarehe 25 Agosti, akiwa anaongoza meli za askari kuelekea kisiwani, bomu liliipiga Jintsu, meli aliyokuwa akiongozea, naye akaanguka na kuzirai. Alipopata fahamu alihamia kwenye destroya nyingine, akairudisha Jintsu nyuma, na muda si mrefu akashuhudia ndege zikiizamisha meli moja ya askari na destroya iliyokuwa ikiwaokoa watu wake.

Kuanzia hapo kazi yote ilihamia usiku. Destroya, meli ambayo haikuundwa kubeba chochote isipokuwa mizinga, torpido na mabaharia wake, ziligeuzwa kuwa za kusafirisha askari na chakula. Ziliondoka visiwa vya Shortland mchana, zikapita katikati ya visiwa vya Solomon kwa mwendo mkali ili zifike Guadalcanal katikati ya usiku, zikashusha kwa haraka, na kurudi kabla ya mapambazuko kuzikuta karibu. Wajapani wenyewe waliziita safari za panya, kwa kuwa panya hutoka usiku. Mabaharia wa destroya, waliofundishwa kushambulia, waliona uchungu, na msimulizi anaulezea uchungu huo kwa ufundi mkubwa. Nadhani kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya kupeleka mzigo, iwe kwa lori au kwa mtumbwi wa dagaa, atamwelewa baharia yule anayeulizwa nyumbani amezamisha meli ngapi, naye kazi yake ilikuwa kushusha magunia.

Sehemu ya tano ina habari ya meli 11, na hapa nampongeza msimulizi kwa kutoongeza chumvi, maana ukweli wenyewe unatosha. Katikati ya Novemba 1942 Tanaka aliongoza msafara wa meli 11 zilizobeba askari wapatao 7,000 pamoja na chakula na risasi. Mchana wa tarehe 14 ndege za Marekani zilizishambulia kutwa nzima. Kufikia giza, meli saba zilikuwa zimezama au zimelemazwa, destroya zake zimejaa watu waliookolewa majini, na zilizobaki salama zilikuwa nne. Usiku huo meli kubwa za pande mbili zilipigana mbele yake, na Tanaka akazipitisha zile nne pembeni, akaomba ruhusa ya kuzipandisha ufukweni kwa makusudi, kwa hoja kwamba meli iliyokwama mchangani angalau itashusha kilichomo. Alfajiri zilipanda ufukweni Tassafaronga. Kulipokucha ndege na mizinga ziliziteketeza zikiwa zimelala pale, na waliofika nchi kavu walikuwa askari kati ya 2,000 na 3,000, wakiwa na sehemu ndogo tu ya chakula. Nahodha yeyote wa ziwa hili anajua maana ya kuipandisha meli mchangani kwa mkono wako mwenyewe. Msimulizi anakaa kimya kwa sekunde kadhaa baada ya kulisema hilo, na kimya hicho ni moja ya mambo mazuri katika simulizi nzima.

Sasa nije kwenye sehemu ya sita, ambayo inafaa kusikilizwa hata na asiyependa historia ya vita.

Meli za mizigo zilipokwisha, na askari wa Kijapani kisiwani wakiwa wanakufa kwa njaa kiasi kwamba walikiita Guadalcanal kisiwa cha njaa, ilibuniwa njia ya mapipa. Yalichukuliwa mapipa ya chuma ya mafuta, yakasafishwa, yakatiwa mchele na vyakula vingine pamoja na dawa, lakini bila kujazwa hadi juu, ili ibaki hewa ya kuyafanya yaelee. Yakafungwa kamba moja hadi nyingine, mkufu mrefu wa mapipa, na kupangwa kwenye sitaha ya destroya. Meli ingefika karibu na ufukwe, ikate kamba zilizoyashikilia na kuyamwaga baharini bila kutia nanga, kisha mashua ndogo au mwogeleaji apeleke ncha ya kamba nchi kavu, na walio ufukweni wavute. Destroya iliyobeba mapipa ilibeba 200 hadi 240. Ili kupunguza uzito, torpido za akiba ziliachwa bandarini, yaani kila destroya ilikwenda na zile tu zilizokuwa tayari kwenye mitambo yake.

Msimulizi anaieleza kamba. Anaeleza fundo, unene, jinsi ilivyolowa na kuwa nzito, na kwa nini askari mwenye njaa ya miezi miwili hawezi kuivuta. Sijawahi kumsikia msimulizi wa vita akikaa dakika kumi juu ya kamba, na ndiyo sababu nimeisikiliza sehemu hii mara nne.

Naomba nieleze kwa nini inanigusa. Katika miaka ya 1990 nilipanda boti ya mizigo, kama karani, tukipeleka mapipa 14 ya dizeli ya mashine ya kusaga kwenye kisiwa kimoja kisicho na gati. Tulifika usiku kwa kuchelewa, upepo ukivuma kutoka ziwani, na nahodha akakataa kusogea zaidi kwa kuogopa miamba. Mapipa yakaangushwa majini yakiwa yamefungwa kamba, vijana wawili wakaogelea na ncha, na watu wa ufukweni wakaanza kuvuta. Pipa la dizeli likiwa majini halionekani lote, linaonyesha mgongo tu kama kiboko, linajigeuza, na linapogonga jiwe unasikia mlio wa chuma lakini hujui ni la ngapi. Nilikuwa na taa ya kandili na daftari. Niliandika 14 kwenye safu ya yaliyotoka. Kamba ilikatika kwenye fundo la kumi, na asubuhi niliandika 9 kwenye safu ya yaliyopokelewa, kwa kuwa moja lilitobolewa na mwamba na manne hayakuonekana tena. Hatukuwa tukipigwa risasi na mtu yeyote, na waliokuwa wakivuta walikuwa wameshiba. Tangu usiku ule sijaweza kusikia neno mapipa bila kuuliza mangapi yalifika.

Na hilo ndilo swali ambalo simulizi hii inaliacha. Sehemu ya sita inapomalizika, msimulizi anaingia kwenye pigano la usiku wa tarehe 30 Novemba 1942 mbele ya Tassafaronga, na ghafla kipimo chake kinabadilika. Ukweli wa pigano lenyewe anausema sawasawa. Tanaka alikuwa na destroya nane, sita kati yake zikiwa na mapipa. Alikutana na kikosi cha Marekani chini ya Admeri Carleton Wright chenye kruza tano, ambazo ni meli za vita kubwa kuliko destroya, na destroya sita, zikiwa na rada iliyomwona Mjapani kabla yeye hajaona chochote. Maofisa wa destroya za Marekani waliomba ruhusa ya kufyatua torpido, Wright akasita kwa dakika chache, na nafasi nzuri ikapita. Kruza zilipofyatua mizinga, karibu zote ziliilenga Takanami, destroya iliyokuwa imewekwa mbele kama mlinzi, nayo ikaungua na baadaye kuzama. Lakini miale ya mizinga iliwaonyesha Wajapani mahali adui alipo. Tanaka aliamuru kazi ya mapipa iachwe na meli zote zishambulie, na torpido zake zikaipiga kruza moja baada ya nyingine: Minneapolis, New Orleans, Pensacola, kisha Northampton, ambayo ilizama. New Orleans ilikatwa sehemu yote ya mbele. Wamarekani 395 walifariki, na upande wa Japani walifariki karibu 200, wote au karibu wote wa Takanami.

Msimulizi anauita usiku huo kilele cha maisha ya Tanaka, na muziki unapandishwa. Mimi nilizima simu nikakaa nikifikiri. Kwa hesabu ya kuzamisha, ni kweli kwamba wachache waliwashinda wengi, na wataalamu wa vita vya majini wanalisoma pigano hilo hadi leo. Lakini meli zile hazikutumwa kupigana. Zilitumwa kupeleka chakula, na usiku ule mapipa hayakuwafikia walioyangojea ufukweni. Walioko kisiwani walisikia mizinga, wakaona meli zinaungua, na kulipokucha hawakuwa na punje. Karani akipewa hati ya safari hiyo ataandika nini kwenye safu ya mwisho? Wakubwa wa Tanaka waliliona hilo, na sifa alizopata kwa Wamarekani baada ya vita zilikuwa nyingi kuliko alizopata kwao wakati ule. Msimulizi anawalaumu wakubwa hao kwa wivu. Mimi nadhani angewasikiliza kidogo kabla ya kuwahukumu, kwa sababu walikuwa na jeshi linalokufa njaa.

Safari zilizofuata zinaelezwa katika sehemu ya saba, kwa ufupi unaokera, ilhali ndizo zinazotoa jibu. Usiku wa tarehe 3 Desemba destroya zilimwaga mapipa 1,500 karibu na ufukwe, na yaliyovutwa hadi nchi kavu yalikuwa 310. Kwa lugha ya daftari, pungufu 1,190. Kamba zilikatika, wavutaji waliishiwa nguvu, na kulipokucha ndege za Marekani zikayapiga risasi yaliyobaki yakielea. Tarehe 7 Desemba msafara ulirudishwa njiani na ndege pamoja na boti ndogo za torpido. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 yalimwagwa mapipa 1,200 na yakapatikana 220, pungufu 980, na usiku huohuo boti ndogo za Marekani ziliipiga torpido destroya mpya Teruzuki, aliyokuwa akiongozea Tanaka, ikazama naye akajeruhiwa. Katika safari mbili ambazo mapipa yalifika mahali pa kumwagwa, lililofika kwa wenye njaa ni pipa moja hivi kati ya matano. Takwimu hizi msimulizi anazitaja kwa kukimbia, kisha anasema kwamba Tanaka aliwalisha askari wa Guadalcanal. Sivyo. Alijaribu kuwalisha, kwa ustadi na kwa ujasiri ambao sina neno la kuupunguza, na akashindwa, na alilijua hilo kabla ya watu wengine.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na uzito wa mtu huyu. Aliyepigana vizuri usiku mmoja wako wengi. Tanaka alikuwa mtu wa kazi aliyehesabu mapipa, akaona kwamba kisiwa hakilishiki kwa njia ile, na akawaambia wakubwa wake kwamba jeshi liondolewe Guadalcanal kabla halijaisha. Haikuwa kauli ya kupendwa. Mwishoni mwa Desemba 1942 aliondolewa kwenye kikosi chake, na hakupewa tena kuongoza meli vitani. Haukupita muda mrefu kabla Tokyo yenyewe haijaamua kuondoka, na mwanzoni mwa Februari 1943 destroya, kwa safari za usiku zilezile, ziliwatoa kisiwani watu zaidi ya 10,000. Simulizi inalitaja jambo hili katika sehemu ya nane kwa sentensi moja, na ningependa lingepewa angalau robo saa.

Kuna jingine lililoachwa kabisa. Visiwa vya Solomon vina wenyewe. Katika saa nne na nusu sikusikia hata jina moja la mtu wa Guadalcanal, kana kwamba ufukwe ule ulikuwa mtupu mpaka meli zilipofika. Yupo Jacob Vouza, askari polisi mstaafu wa kisiwa hicho, ambaye mwezi Agosti 1942 alikamatwa na Wajapani, akafungwa kwenye mti na kuchomwa visu vya bunduki ili aseme yaliko majeshi ya Marekani, hakusema, akajifungua kamba na kutambaa hadi kwao kuwaonya. Sisi tunaoishi kando ya maji, ambao pia tulipitiwa na vita vya wageni, tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza habari za mwenyeji. Tanaka alikuwa akilihudumia jeshi lililovamia nchi za watu, na ustadi wake haulifuti hilo.

Sehemu ya tisa inamfikisha mwisho kwa kusema tu kwamba alitupwa mbali na vita. Mbali huko kulikuwa Burma, Myanmar ya leo. Alipelekwa kuongoza kambi ya jeshi la majini huko Rangoon, na mwaka 1944 akapanda cheo kwa ngazi nyingine akiwa nchi kavu. Nilisikitika sana hapa, kwa sababu ndipo simulizi ilipopaswa kumgeukia msikilizaji wa Tanganyika na kumwambia kwamba sasa hadithi imefika kwenu. Mwaka huohuo wa 1944 wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, vikosi kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wakilipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope, wakiwasukuma Wajapani. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu na watu zaidi ya 1,200, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Tanaka hakuhusika na meli hiyo. Lakini msimulizi anayetumia nusu saa kusifia torpido ya Kijapani, kwa wasikilizaji ambao babu zao waliuawa na silaha za aina hiyo, ana deni la kulitaja. Mtaani kwetu Igogo, nilipokuwa mdogo, alikuwapo mzee wa Keya aliyekuwa akisema Bama kila alipotaka kutaja mahali pa mbali kupita pote, na watoto tulidhani ni jina la kaburi.

Baada ya vita Tanaka alistaafu. Mwaka 1956 maelezo yake kuhusu Guadalcanal yalichapishwa Marekani katika jarida la taasisi ya jeshi lao la majini, ambamo hakujificha katika kueleza makosa ya uongozi wa Japani, na alifariki tarehe 9 Julai 1969 akiwa na miaka 77. Msimulizi anayasoma haya bila muziki, na nadhani alichagua vyema.

Kuhusu huduma, nilimrudia yule kijana na kumweleza kwamba sehemu ya saba inakatika. Hakubishana wala hakudai fedha ya ziada. Aliifungua mbele yangu kwenye kompyuta, akakuta kwamba nakala yake mwenyewe ndiyo mbovu, akaniomba siku mbili, na siku ya pili mchana alinipigia simu nikachukue nzima. Nilimpa pia karatasi yenye hesabu za mapipa, yaliyotoka na yaliyopokelewa, pamoja na ombi kuhusu Vouza na Burma, naye akaipiga picha na kuituma kwa msimulizi kupitia kwa anayemletea kazi hizi kutoka Dar es Salaam. Jibu bado. Anayetaka kununua aende na kadi yake mwenyewe yenye nafasi, na kabla ya kulipa aombe kuchezewa sehemu ya saba kuanzia dakika ya 12, pale Teruzuki inapopigwa. Sauti ikiendelea baada ya hapo, nakala ni ile mpya.